Kofia za mbio za farasi: nani anavaa, nani anashona, nani anabaki inje?

Kila mwaka, mwezi wa sita, picha zilezile zinazunguka katika simu: wanawake wa Uingereza wenye kofia pana kama sinia, zimejaa manyoya, maua na hata matunda ya bandia. Wako Ascot, kwenye mbio za farasi. Mwezi wa saba zinafuata picha za Durban, Afrika ya Kusini. Mwezi wa kumi na moja ni zamu ya Melbourne, Australia. Hapa Kavimvira, ambako watu wengi wanamjua farasi kwa sinema tu, mutu anaangalia, anacheka, anamtumia mwenzake, basi.

Lakini ukimuweka farasi pembeni, jambo lenyewe Uvira inalijua vizuri. Tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya kimataifa ya wanawake, kunatangazwa kikwembe cha mwaka. Ndoa ikipangwa, familia inachagua kitambaa cha sare. Kwaya ikiwa na sikukuu, kitambaa. Mutoto akimaliza masomo, kitambaa. Na kila mara kuna mama anayebaki nyumbani, si kwa sababu hakualikwa, lakini kwa sababu hakupata feza ya kununua na kushonesha.

Kwa hiyo hadithi ya kofia za mbio za farasi inastahili kusomwa polepole. Inaonyesha mambo matatu: nani anaamuru nguo ya sikukuu, feza inaingia mfuko gani, na nani anafungiwa mlango.

Kofia ambayo ni ruhusa ya kuingia

Ascot iko magharibi ya London, karibu na Windsor, kwenye ngome ya wafalme. Malkia Anne njo alianzisha mbio hizo mwaka 1711. Leo zinachukua siku 5, na Alhamisi, siku ya kombe linaloitwa Gold Cup, watu wamezoea kuiita siku ya wanawake.

Ndani ya uwanja kuna sehemu inaitwa Royal Enclosure, yaani uzio wa kifalme. Pale nguo ni sheria. Mwanaume anavaa suti rasmi na kofia ndefu ya silinda. Mwanamke anavaa kofia, na gauni ifike kidogo tu juu ya magoti au ishuke zaidi. Mwaka 2012 wakubwa wa Ascot walikaza sheria zaidi: vile vipambo vidogo vya kubana kwenye nywele havitoshi tena pale. Kinachovaliwa kichwani lazima kiwe na kikalio cha sentimita 10 kwa uchache. Kuna watu kwenye mlango wanaoangalia. Asiyetimiza, haingii sehemu ile.

Na sheria haikuwa ya nguo tu. Kwa miaka mingi, mpaka 1955, mutu aliyeachana na bibi au bwana yake kwa talaka hakupokelewa katika uzio ule. Kofia nzuri haikumsaidia kitu.

Hapo njo maana ya kwanza ya kofia hizi. Mbele ya kuwa urembo, kofia ilikuwa alama ya tabaka. Ilisema: huyu ni wetu, na yule si wetu. Sehemu zingine za uwanja uleule zina sheria nyepesi, na wananchi wa kawaida wanaingia kwa tiketi yao. Lakini picha zinazozunguka dunia nzima ni za upande wenye masharti.

Nairobi: mbio zilikuja na walowezi

Afrika ya Mashariki nayo ina mbio zake. Kule Nairobi, Wazungu walianzisha chama cha mbio, East African Turf Club, mwaka 1904. Reli ilikuwa imefika Nairobi miaka mitano tu mbele, mwaka 1899. Mwishoni mwa mwaka 1904 huohuo, siku ya Noeli, ilifunguliwa hoteli ya Norfolk. Juma la mbio likifika, walowezi walitoka mashambani, wakajaa mjini, wakalala hotelini, wakavaa nguo zilizotoka Ulaya kwa meli.

Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa Kariokor. Mpaka leo kuna barabara pale inaitwa Race Course Road, barabara ya uwanja wa mbio. Mwaka 1954 mbio zilihamia Ngong Road, na hapo njo ziko mpaka sasa, chini ya chama cha Jockey Club of Kenya.

Wakati wa ukoloni, kazi ilikuwa imegawanywa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikaa kivulini, akaangalia. Mwafrika alikuwa saisi: alimlisha farasi, alimsugua, alimtembeza. Kofia ilikuwa upande mmoja, ufagio upande mwingine. Baada ya uhuru wa Kenya, mwaka 1963, mambo yalibadilika kidogo kidogo. Leo Waafrika ni wapanda farasi wa mashindano, ni wafundishaji wa farasi, ni watazamaji. Siku za mbio kubwa, kama Kenya Derby, vijana wa Nairobi wanakwenda Ngong wamevaa vizuri, kofia kichwani, wanapiga picha.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Si mbali na ile Race Course Road kuna soko la Gikomba, moja ya masoko makubwa ya mitumba katika Afrika ya Mashariki. Nguo na kofia ambazo Ulaya imechoka nazo zinafika katika masoko kama hayo, zinafunguliwa kutoka kwenye balo, zinauzwa tena. Mahali ambapo wakubwa walivaa kofia mpya toka London, leo watu wanachagua za London zilizokwisha kuvaliwa. Mutu akitaka kujua fasheni inatembea vipi duniani, aangalie njia hiyo.

Manyoya yaliyojenga nyumba kubwa, kisha yakaziangusha

Mwaka 1910, tarehe 6 mwezi wa tano, mfalme Edward VII wa Uingereza alikufa. Mbio za Ascot zilikuwa karibu. Hawakuzifuta. Watu walikwenda, lakini wote katika kilio: nguo nyeusi, kofia nyeusi pana, manyoya meusi. Mbio zile zilibaki katika historia kwa jina la Ascot nyeusi.

Manyoya yale yalitoka wapi? Mengi yalikuwa ya mbuni, na mbuni wengi walifugwa Afrika ya Kusini, kandokando ya mji mdogo wa Oudtshoorn. Miaka ile manyoya ya mbuni yalikuwa kati ya bidhaa kubwa ambazo Afrika ya Kusini iliuza inje, nyuma ya dhahabu, almasi na sufu. Wafugaji walitajirika sana. Walijenga majumba ya mawe ambayo mpaka leo yanaitwa majumba ya manyoya.

Kisha, mwaka 1914, bei ikaanguka. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Manyoya yalikuwa yamezidi sokoni. Vita ya kwanza ya dunia ilianza, na watu wakaacha anasa. Tena magari yalikuwa yanaingia barabarani, mengi hayana paa, na kofia pana yenye manyoya haikai kichwani ndani ya gari inayokimbia. Wanawake wa London na Paris walibadili kofia, na wafugaji wa upande mwingine wa dunia wakafilisika.

Somo ni jepesi lakini zito. Anayeuza malighafi kwa ajili ya fasheni ya mbali hana usukani. Siku mwenye kuvaa anabadili mawazo, hatamwandikia barua kumpa habari. Wakulima wa kahawa wa Kivu wanajua hali hiyo, na wazee wa Bonde la Ruzizi waliolima pamba nao wanaijua.

Melbourne 1965: kitambaa hakikutosha

Australia ilipokea desturi ya Waingereza, ikaikuza. Melbourne Cup inakimbiwa tangu 1861, na siku yake ni sikukuu ya serikali katika mji ule. Mwaka 1962, wakubwa wa uwanja wa Flemington walianzisha mashindano ya mavazi kwa sababu moja wazi: walitaka wanawake wengi zaidi waje kwenye mbio. Pale sikukuu ilianza kuwa biashara ya nguo.

Mwaka 1965 walimwalika Jean Shrimpton, msichana wa Kiingereza aliyekuwa mwanamitindo mwenye jina kubwa sana wakati ule. Nyuma ya mwaliko kulikuwa kampuni iliyotengeneza kitambaa cha bandia kinachoitwa Orlon. Ilitaka kitambaa chake kionekane. Lakini kitambaa alichopewa fundi wake, Colin Rolfe, hakikutosha. Fundi akafanya kama fundi yeyote wa Mulongwe au Kalundu angefanya: akashona kwa kile kilichopo, gauni ikaishia juu ya magoti. Na msichana akafika uwanjani bila kofia, bila glovu, bila soksi ndefu.

Wamama wa Melbourne walikasirika. Magazeti yakaandika siku nyingi. Lakini wasichana waliangalia, na gauni fupi ikashika inchi ile. Sheria ambayo ilionekana ya milele ilitikiswa na upungufu wa kitambaa.

Hapo kunaonekana jambo lingine: sheria za nguo za sikukuu hazikushuka kutoka mbinguni. Watu waliziweka, na watu wanaweza kuzibadili.

Durban: wakati waliofungiwa wanapoingia

Mfano wa karibu zaidi na Uvira ni Durban. Mbio za Durban July zilianza mwaka 1897, katika uwanja wa Greyville. Leo farasi wanakimbia mita 2200. Wakati wa ubaguzi wa rangi, uwanjani pia watu walitenganishwa. Weusi walikuwa na sehemu yao, mbali na jukwaa la wakubwa.

Ubaguzi ulipoanguka, watu weusi wa Durban na Johannesburg walifanya sikukuu ile kuwa yao, na waliingia kwa mlango wa mavazi. Hawakuiga Ascot tu. Kila mwaka kunatangazwa neno la kuongoza wavaaji. Mafundi wanatumia shanga, waya, kitambaa cha inchi yao. Wanawake wa Kizulu walioolewa wana kofia yao ya asili, pana na ya duara, inaitwa isicholo. Hiyo haikusubiri Mzungu kuwaonyesha kofia pana. Basi imepata heshima yake kandokando ya manyoya.

Lililo muhimu zaidi: kuna mashindano ya wabunifu vijana. Mwanafunzi wa ushonaji anapeleka kazi yake, inaonyeshwa mbele ya watu wenye feza na mbele ya kamera. Akishinda, ana jina, na jina linaleta wateja.

Si kusema Durban hakuna shida. Hema za kampuni kubwa zina bei ambayo mufanyakazi wa kawaida haigusi. Watu wanakopa ili waonekane siku moja. Tena mbio zenyewe zinaishi kwa bahati nasibu, na tangu 2022 jina la mbio ni la kampuni ya kubeti. Vijana wa Uvira wanaopoteza feza katika kubeti mpira wanajua ile feza inakwenda wapi. Lakini kwa upande wa nguo, Durban imejibu swali moja ambalo sikukuu nyingi hazijibu: imemweka mushonaji mbele.

Na hapa Kavimvira?

Congo pia inajua maana ya sheria ya nguo. Wakati wa Mobutu, katika siasa ya kurudi kwenye asili, suti na tai vilikatazwa, wanaume wakavaa abacost. Wanawake walikatazwa suruali, wakaambiwa kuvaa kikwembe. Na mwenye kuamuru alikuwa na kofia yake ya ngozi ya chui, ambayo ilionyesha nani ni mkubwa. Vijana wa Kinshasa walijibu kwa Sape, na mwimbaji Papa Wemba akawa kama balozi wao. Kwa hiyo hakuna mtu wa inchi hii anayeweza kusema nguo ni jambo la urembo tu.

Leo hakuna rais anayeamuru kikwembe. Lakini kamati inaamuru, familia ya bibi arusi inaamuru, kikundi kinaamuru. Tufuate feza kidogo.

Kipande kizima cha kitambaa ni yadi 6, kinatoa vikwembe 3. Kimetoka wapi? Kuna waksi ya Kiholandi, ya kampuni ya Vlisco iliyoanzishwa mwaka 1846, lakini hiyo ni ya wachache. Kinachovaliwa na wengi kimetoka Asia, kimepita bandari ya bahari, kikapanda lori mpaka Bujumbura, kikavuka Gatumba, kikalipa duwani Kavimvira, kikafika soko. Kila kituo kimekula sehemu yake. Mpaka ukifungwa, bei inapanda siku hiyohiyo.

Zamani haikuwa hivyo kabisa. Bonde la Ruzizi lililima pamba wakati wa ukoloni, tena kwa lazima. Kule Kalemie, kwenye ziwa hilihili, kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma. Kimenyamaza zamani. Ngambo, Bujumbura ilikuwa na kiwanda chake, Cotebu, nacho kikasimama, kisha kikarudishwa kwa jina la Afritextile. Ziwa Tanganyika lilikuwa na pamba, na lilikuwa na mashine. Leo wamama wa kandokando yake wanavaa pamba ya wengine, kama wafugaji wa mbuni waliokuwa wanangojea habari kutoka London.

Basi ni nini kinabaki Uvira? Kinabaki kile ambacho fundi analipwa. Mushonaji chini ya baraza na mashine yake ya miguu njo kiungo pekee cha mnyororo mzima ambacho feza yake inalala hapa: inanunua unga hapa, inalipa shule hapa. Na yeye njo anayetendewa vibaya zaidi. Muuza kitambaa analipwa cash mbele ya kukata. Fundi anaambiwa, nitakumalizia mwisho wa mwezi. Tangazo la kitambaa linatoka kwa kuchelewa, wateja wote wanafika juma moja, fundi anashona usiku kwa tochi ya simu, nguo inatoka imepinda, na lawama ni yake.

Kuna pia upande wa mama anayevaa. Wengine wanatoa akiba yao katika AVEC, ile iliyokuwa ya mtaji wa kuuza samaki au unga. Wengine wanakopa. Anayekosa kabisa anajificha. Katika mji uliopigwa na mafuriko ya mto Mulongwe mwezi wa ine 2020, mji ambao maji ya ziwa yameingia nyumba za watu, na ambao vita imepita na kurudi, hao wanaokosa si wachache.

Kuna wanaosema dawa ni kufuta vikwembe vya sikukuu kabisa, kwa sababu inchi iko katika kilio. Hoja yao ina uzito. Lakini kuvaa vizuri siku moja si dhambi. Mama aliyehama mara mbili, akafunga kitambaa kichwani akatoka na wenzake, anasema kwamba yeye bado ni mutu. Hata Ascot ya 1910, watu walipokuwa na kilio, walibadili rangi ya nguo, hawakubaki nyumbani. Tena ukifuta nguo ya sikukuu, wa kwanza kulala njaa ni fundi.

Swali zuri zaidi ni namna ya kupanga. Kamati inaweza kutangaza rangi, si kitambaa kimoja, ili mwenye kikwembe cha zamani chenye rangi ile aingie naye. Inaweza kutangaza miezi mitatu mbele, ili fundi agawanye kazi na mama agawanye malipo. Vikundi vya AVEC vinaweza kupanga siku ya kugawana iwe mbele ya sikukuu, pasipo kugusa mtaji. Na siku yenyewe, kama Durban inavyofanya, fundi kijana wa Kavimvira, Kasenga au Kimanga anaweza kupewa dakika kumi za kuonyesha kazi yake na kutaja jina lake kwa sauti. Kufanya hivyo hakudai mfadhili.

Ascot ilichukua zaidi ya miaka 240 kumfungulia mlango mutu aliyepewa talaka. Durban ilingoja mpaka ubaguzi wa rangi uanguke. Uvira haina haja ya kungoja hivyo, kwa sababu mlango wake hauna mfalme wala askari. Unafunguliwa na wamama kumi waliokaa katika kikao kimoja, mwezi wa kumi na mbili, wakichagua mapema 8 mwezi wa tatu itavaliwa nini, na mushonaji mmoja amealikwa kukaa pamoja nao.